Altare ya Nickson

Mwatumu, pokea simu. Hupokei, basi ngoja niandike.

Unaijua ile altare niliyotengeneza kwenye kona ya chumbani baada ya kumzika mwanangu. Kimeza, kitambaa cheupe, msalaba, picha ya Nickson na lile shati lake la ubatizo. Ndipo ninaposali kila siku kabla ya kwenda kufundisha.

Leo narudi kutoka shule, kona tupu.

Wifi yangu Recho kaja na basi la asubuhi kutoka Kibondo. Kakaa sebuleni anakunywa chai yangu. Namuuliza vitu viko wapi, ananiambia, "Nimevichoma. Ulikuwa unaita wafu kwenye nyumba ya kaka yangu."

Kavichoma. Shati la mwanangu, Mwatumu, kalichoma kwenye shimo la takataka pamoja na maganda ya ndizi.

Nikampigia mume wangu Nathaniel nikijua atamfukuza dada yake. Akasema, "Aliniuliza. Nikamwambia afanye."

Afanye. Baba wa mtoto ndiye kasema hivyo.

Sikulia. Picha ninayo kwenye simu, nikaenda steshenari pale mjini wakanichapishia kubwa. Nimeiweka kwenye meza ya chakula, mbele ya kiti chake, nikawasha mshumaa.

Nathaniel karudi sasa hivi. Recho anamwambia aitoe. Mimi nimemwambia, "Itoe kwa mkono wako mwenyewe, mimi nikiona."

Amesimama tu anamwangalia mtoto pale pichani. Hajaigusa.