Bastola ya Baba Kiunoni mwa Leland

Amarillo, Jumapili

Kaka Vernon,

Huku tu hai, na leo neno hilo nalisema kwa uzito wake. Mvua imegoma, ng'ombe wamekonda.

Ile bastola ya vita ya marehemu baba uliyompa mume wangu, anaivaa kila siku chini ya shati. Nimemwambia, "Leland, hiyo ni ya kabatini. Nzito, inatuna kama jipu, na kufuli yake ya kuzuia risasi imelegea."

Akacheka. "Ilimrudisha baba yako salama, itanishinda mimi?"

Leo kanisani aliinama kumnyanyua mjukuu wetu Josie kitini. Bastola ikachomoka, ikagonga sakafu, ikalia. Risasi ilitoboa kiti alichotoka kukalia mtoto.

Usimpigie Leland simu kumpoza. Njoo uichukue.

Dada yako mwenye hasira,
Maxine