Wembe na Kochi

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye upepo. Natumaini mgongo umekutulia na hayo makochi ya watu hayajakumaliza. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linatangaza mvua kabla ya redio.

Boti za matanga nimepata mbili, zimefungwa gati moja, ubavu kwa ubavu. Moja ni ya mashindano: nyembamba, nyepesi, mlingoti unakwenda juu mpaka shingo inauma. Ndani ina vitanda viwili vya turubai, basi. Nimeiita Wembe. Nyingine ni pana, ina jiko, choo chenye mlango na kochi la kona. Hiyo inakwenda kama mjamzito anayepanda ngazi. Nimeiita Kochi, kwa heshima ya kazi yako.

Nimeshamwambia muuzaji tunachukua Wembe. Nunua viatu visivyoteleza.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo ni uleule, asante kwa kuuliza.

Umeshamwambia? Hebu nieleze, neno "tunachukua" lilitoka wapi wakati mimi nimelisikia leo? Tulikubaliana mwaka mzima majini, sisi wawili, tangu siku uliyostaafu ualimu mkuu. Mwaka, Dada, si wikiendi. Nitapika wapi? Nitajisaidia wapi, kwenye ndoo, nikiwa na miaka hamsini na miwili? Siku nzima nakaa nimejikunja napigilia misumari viti vya watu. Nikilala nataka kulala kwenye kitanda, si kwenye machela.

Mimi nataka Kochi. Na nataka kuulizwa.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia u mzima, na hasira zako pia ni nzima. Barua yako ina makosa matatu ya tahajia, lakini nimeelewa.

Sikiliza. Boti ya kasi ni usalama. Hali ya hewa ikichafuka, Wembe itakuwa imeshafika bandarini wakati Kochi bado inajipanga kugeuka. Halafu sikutumia nusu ya maisha yangu nikisimamia mistari ya wanafunzi ili nije nipitwe na mtu anayepiga kasia. Wala usiogope, kwako hakutakuwa na kazi ngumu. Usukani na matanga niachie mimi. Wewe utakaa ukingoni uegemee upande wa upepo, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Uliweza vizuri sana.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za mgongo.

Niliweza nini? Miaka minne nilikuwa mfuko wako wa mchanga wa kusawazisha boti. "Hamia kulia. Hamia kushoto. Egemea." Hata siku moja hukunipa usukani nikaushika. Na ile fainali ya mashindano ya matanga, unaikumbuka? Upepo ulipungua, ukarudi gatini ukaniambia nishuke, boti ni nzito. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ukaenda, ukashinda, Baba akakupiga picha na kombe. Mimi nilisimama pale na jaketi langu la kuokolea nikakupigia makofi, kwa sababu watu walikuwa wananiangalia.

Chukua Wembe. Tafuta mtu mwingine wa kuegemea.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Miaka thelathini na minane, na unaniambia leo, kwa sababu ya choo cha boti. Ule ulikuwa uamuzi wa kiufundi. Upepo mdogo hautaki uzito, mtu yeyote wa matanga atakwambia hivyo.

Nijibu. Muuzaji ananipigia simu kila siku.

Dada yako


30 Mei

Mdogo wangu,

Sijui kama unazisoma barua zangu au unazijazia kwenye mito ya viti. Naomba uwe mzima.

Wiki iliyopita nilikwenda kuijaribu Wembe pamoja na muuzaji. Nilimweleza kwamba nimewahi kushinda vikombe. Akasema, "Vizuri sana, mama. Kaa pale ukingoni." Nikakaa kwa muda wa saa tatu. Kila alipogeuza alipaza sauti, "Hamia," nami nikatambaa na goti langu chini ya tanga kama mtoto anayetafuta shilingi. Maji yaliniingia shingoni yakatokea miguuni. Niliuona upepo ukigeuka kabla yake, nikamwambia. Hakugeuza hata kichwa. Niliporudia, akanijibu kwa upole, "Mama, wewe egemea tu."

Ule upole ndio ulionimaliza. Hata mimi nilikuwa nikikwambia kwa upole.

Nilikaa ndani ya gari, nimelowa chepechepe, nikashindwa kuliwasha. Siku ile ya fainali hukuwa mzito. Ulikuwa na kilo arobaini na moja, nilikupima mwenyewe. Nilitaka kombe. Kiufundi sikukosea. Nilikukosea wewe.

Nimemwambia muuzaji kwamba Wembe hatuitaki. Kuhusu Kochi sijamjibu neno, na haikuwa rahisi.

Dada yako


6 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma karakanani, mwenzangu akadhani nimefiwa.

Nitafika Jumamosi na basi la asubuhi. Tutaijaribu Kochi, na usukani nitaushika mimi, kwenda na kurudi. Ukiniambia "hamia" hata mara moja, nashuka, hata kama ni katikati ya maji.

Usisaini chochote.

Mdogo wako


17 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika nyumbani salama. Mikono ina malengelenge, na mgongo, ajabu, umenyamaza. Goti lipake ile dawa niliyokuachia, usiiweke kabatini kama pambo.

Ni kweli inakwenda polepole, sibishi. Yule mzee wa kasia alitupita akatuamkia, akarudi akatuamkia tena. Nilikuona ulivyogeukia pembeni. Na nilijua tanga la mbele limelegea, Dada. Lilikuwa linapigapiga kama nguo kwenye kamba, kiziwi angelisikia. Nililiacha makusudi nione utavumilia mpaka lini. Ulifungua mdomo mara tano, nilihesabu. Mara ya sita ukainuka ukashuka jikoni kuchemsha chai. Chai yenyewe ilikuwa mbaya, sijawahi kunywa mbaya kama ile, na niliimaliza yote.

Lile kochi la kona nitalifumua lote. Aliyelishona alikuwa na haraka, au alikuwa na dada.

Mwambie muuzaji tunaichukua. Kwenye karatasi ya umiliki yaandikwe majina mawili, langu litangulie.

Mdogo wako