Kumbikumbi wa Diwali

Élisabethville, siku ya pili ya Diwali

Shoga yangu Mwajuma,

Pokea salamu za vumbi lililogeuka tope. Jana jioni mvua ya kwanza ilipokatika, tulipanga taa ndogo za udongo barazani kwa kaka, ili Lakshmi, mungu wetu wa neema, aione nyumba. Wakaja kumbikumbi, wingu zima, wakajirusha motoni! Mama yangu, unamjua, hata yai halivuki kizingiti chake, akapiga kelele: "Tunaua viumbe siku ya sikukuu! Zimeni!" Wifi naye: "Tukizima, Lakshmi atatupita!"

Mara jirani yetu Mama Ngoie, muuza karanga, akaja mbio na beseni la maji. "Mama, inswa inakuya yenyewe, njo mboga ya mvua, na weye unazima taa?" Inswa ndio kumbikumbi kwa watu wa hapa. Akaomba karabai, akaitundika uani juu ya beseni, na kumbikumbi wote wakaufuata mwanga ule mkubwa. Taa zetu zikawaka kwa amani. Mama aligeukia ukuta asione kitu.

Leo asubuhi tumempelekea Mama Ngoie ladu za unga wa dengu. Sahani imerudi imejaa kumbikumbi wa kukaanga! Kwa Mama, zawadi ya Diwali hairudishwi. Kaipokea kwa mikono miwili, kashukuru, kisha kaniambia nikamwage nyuma ya duka la kaka.

Shoga, sikumwaga. Wana ladha ileile ya jikoni kwa mama yako. Mkumbatie kwa niaba yangu, na kadi hii itie motoni kabla shangazi yangu wa huko kwenu hajaiona.

Akupendaye,
Kanta