Kwa Wifi Aliyeniita Mtalii

Mtaa wa Fatih,
Istanbul.
11 Agosti 2018

Mpendwa wifi yangu Zuurakan,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote mlioko huko nyumbani. Mama mkwe hajambo? Goti lake limepoa au bado linamwamsha alfajiri? Mumeo, Shemeji Tashtan, mzima? Mifugo ipo salama? Majike ya farasi yanatoa maziwa mwaka huu, na nyasi za kukata kwa ajili ya baridi zimesimama vizuri? Mimi huku mwili wangu ni mzima. Joto la mwezi huu si mchezo, lakini chakula kinapita na usingizi naupata.

Nimekusalimia kwanza kwa sababu mama yangu alinifunza kwamba hata anayekuja kugombana hupiga hodi. Hodi nimeshapiga, wifi. Sasa naingia.

Nimeamua kuandika barua kwa kuwa simu ya nyumbani unaishika wewe. Nikigusa jambo usilolipenda, mara mtandao umekatika, mara ng'ombe wamevunja ua. Barua haikatiki. Nimempa Aisalkin, ambaye amekuja huku kununua nguo za kuuza na anarudi Jumamosi ijayo. Nimemwomba akae hapo kwako anywe chai taratibu mpaka uimalize yote.

Huyo huyo Aisalkin ndiye aliyenieleza mambo yenu. Usimlaumu, nilimbana mimi. Nilianza kushuka moyo siku ile nilipopiga simu nikapokelewa na mwanangu Aktan. Akaniambia, "Dada, Mama kaenda kukamua." Nikamwuliza Mama yupi. Akajibu kama mtoto anayedhani unamtega, "Mama yetu. Wewe si ni dada wa mbali?" Nyuma yake nikasikia mtu anacheka. Kicheko chako nakijua, wifi, nimekaa nacho jiko moja miaka mitatu.

Nilijiambia ni utoto. Alipofika Aisalkin nikamwuliza, akawa anazungusha kikombe tu mezani. Mwishowe akasema yote. Kwamba mume wangu Melis alipokwisha kupandisha kondoo kwenye malisho ya juu, ninyi huku chini mlichinja, mkaita majirani, na Mama akatangaza mbele ya watu kwamba Aktan sasa ni mtoto wake wa uzeeni, na mimi niliyemzaa ni dada yake. Na wewe ulitoa simu ukapitisha picha zangu nilizowatumia mkono kwa mkono, pamoja na sinia la nyama, ukasema: "Mwoneni bibie. Kaenda kutafuta riziki kageuka mtalii. Mtembezi hula miguu yake, huyu kala na mtoto wake." Watu wakacheka wakijipaka mafuta ya nyama midomoni.

Wifi, umenivua nguo hadharani, nami siko hata karibu nijifunike.

Mila yenyewe naijua, msinifanye mgeni. Mjukuu wa kwanza hulelewa na bibi yake, naye humwita bibi mama. Melis mwenyewe alikua hivyo. Sijawahi kuikataa mila. Lakini mila ina mlango wake, na mlango huo ni kuomba. Bibi huomba, baba na mama wa mtoto husema ndiyo kwa vinywa vyao. Mimi nani aliniomba? Melis nani alimwomba? Mlingoja baba mtu awe kusikoshika simu na mama mtu awe ng'ambo, ndipo mkala nyama. Hiyo si mila. Kwa wafugaji kama sisi, kuchukua mnyama wakati mchungaji kageuka tunajua kunaitwaje, na mtoto si mwana-kondoo.

Aktan alipoanza kutembea, nani alimfunga miguu kwa uzi mweusi na mweupe, ule unaokatwa ili mtoto asijikwae maishani? Ni mimi. Binti yako Meerim ndiye aliyewashinda wenzake mbio akaja kuukata, na wewe ulisimama pale ukinisifu kwamba fundo langu zuri. Wakati ule sikuwa dada wa mtu.

Nije kwenye hizo picha.

Kwanza ule mkono. Aisalkin anasema mmehesabu mkono wa mwanamume begani kwangu kwenye picha ya ukuta wa zamani wa mji. Angalieni tena, na safari hii mvae miwani. Ule mkono umeshika koleo la kutolea mahindi kwenye sufuria. Ni mzee anayeuza mahindi ya kuchemsha, alikuwa anampa mteja nyuma yangu. Mngekuwa na macho ya kuona koleo kama mlivyo na macho ya kuona umalaya, tusingefika hapa.

Pili, kichwa wazi. Juu ya ukuta ule kuna upepo unaoweza kukuvua hata ndoa. Kitambaa kilinitoka nikakidaka, kiko mkononi mwangu kwenye picha hiyo hiyo. Kijani, chenye maua. Ulinipa wewe.

Tatu, kicheko changu. Hapo sina utetezi. Nilikuwa nacheka kwa sababu nilikuwa na furaha.

Ulitaka nilie kila siku? Najua mnavyodhani mama aliye mbali anatakiwa akae: siku ya mapumziko alale kifudifudi, akumbuke mtoto, akonde, ndipo aonekane ana uchungu. Miezi ya kwanza nilifanya hivyo hivyo. Nililala Jumapili nzima nimegeukia ukutani. Je, Aktan alishiba kwa machozi yale?

Aliyenitoa kitandani ni Bi Perihan, huyu bibi ninayemtunza. Anakaa ghorofa ya tano, lifti hakuna, na miguu yake haijashuka ngazi tangu kabla sijafika. Jumapili moja akaniita akaniambia, "Binti, miguu yangu imekufa lakini macho yangu bado yana njaa. Nenda msikiti wa juu ya kilima ukaniangalie." Nilikasirika. Nikasema moyoni, hata mapumziko yangu anayataka. Nikaenda shingo upande, nikarudi. Akauliza nimeona nini. Nikamjibu nimeona msikiti. Akasema, "Msikiti hata paka kauona. Wewe umeona nini?"

Nimesoma darasa la tisa, si mjinga, lakini sikuwa nimeona kitu. Jumapili iliyofuata nikarudi mwenyewe, bila kutumwa, kwa ubishi. Nikakaa pale uani mpaka nikaona kwamba paka wanalala kwenye mawe yale tu ambako mfereji wa maji ya moto unapita chini. Nikamweleza Bi Perihan, akacheka hadi akakohoa. Basi, hapo ndipo nilipougua ugonjwa huu mnaoucheka.

Tangu siku hiyo sijalala tena Jumapili. Nimetembea ukuta wa mji kwa miguu, ambako watu wanalima letasi kwenye handaki la vita. Nimeshuka kwenye ukumbi wa zamani wa kuhifadhia maji ulio chini ya ardhi, nguzo zimesimama gizani kama msitu, na chini ya nguzo moja kuna kichwa cha mwanamke wa jiwe kimegeuzwa juu chini. Nilimtazama sana, nikasema huyu naye lazima alikuwa na wifi.

Na kila ninapofika, nikishaangalia kwa kimo changu, huchuchumaa. Watu hunishangaa, mlinzi mmoja aliniuliza kama ninaumwa tumbo. Nachuchumaa nione Aktan angeona nini kwa kimo chake. Nguzo zinakuwa kubwa zaidi. Mapambo ya chini, ambayo watu wazima wanayapita, yanakuja usoni. Huko ndiko "kula miguu" kwangu. Mnadhani nikitembea namwacha mtoto nyuma, kumbe kila mahali nimekwenda naye.

Sasa nikuulize wewe, Zuurakan, uliyeniita mtalii kama vile umeniita mwizi. Mahema yale matatu ya manyoya ya kondoo uliyoyasimamisha bondeni karibu na Tash-Rabat, analala nani humo? Si Wafaransa na Wajerumani, wanaokuja kuangalia jumba la mawe walilokuwa wakilala wafanyabiashara wa zamani na ngamia wao? Unawaamkia asubuhi kwa krimu na jamu. Unawaambia Mungu awabariki. Yule mama wa Kijerumani aliyemwacha mtoto kwao akaja kupanda farasi, ulimkumbatia, ukasema ni mwanamke jasiri. Mimi nikisimama mbele ya jiwe la watu siku yangu ya mapumziko, nimekuwa mhuni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiwacheka? Mimi nakanda unga, wewe unawasha jiko la samadi, tunanong'ona kwamba wazungu wana wazimu, wamepanda ndege kuja kuona mawe. Sisi kwetu mtu anapanda mlima kumtafuta farasi aliyepotea. Anavuka bonde kwenda harusini au msibani. Kwenda kuona tu, halafu urudi mikono mitupu, hatukuwahi kufikiri kwamba ni jambo la mtu mwenye akili.

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu, pamoja na hasira zangu. Bi Perihan alinituma jumba moja la zamani sokoni, la mawe, lenye ua katikati na vyumba pande zote. Siku hizi mafundi wa shaba wanagonga humo. Nikaingia, nikainua macho kwenye kuba nyeusi kwa moshi, na ubaridi wa mawe ukanipiga usoni. Nikajua hapa ni mwisho wa njia ile ile ya wafanyabiashara na ngamia wao. Waliolala kwetu ndio waliokuja kulala huku. Nikakaa chini nikalia mpaka fundi mmoja akaniletea chai. Kwa sababu Tash-Rabat, wifi, nimezaliwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka pale. Nimepita mlangoni na ndoo za maziwa tangu utotoni. Ndani sijawahi kuingia. Hata wewe hujaingia. Tunajua wageni wanakunywa chai ya sukari ngapi, hatujui wanakwenda kuona nini.

Nimeapa pale pale kwamba Aktan hatakua hivyo.

Kuhusu Melis, nilimtumia ujumbe kwa dereva wa lori la sufu. Akapanda kilimani hadi simu ikashika, akanipigia. Anasema hakujua lolote la sherehe, kisha akasema, "Mama ni mzee, Saikal, usimuumize. Ukija tutaongea." Nimemjibu kwamba kuongea kungetangulia nyama. Nimemkasirikia naye pia, lakini hasira ya mume nitaimaliza kwa njia yake. Ulichotakiwa kufanya wewe, mwanamke mwenzangu, mwenye watoto watatu, ni kumshika Mama mkono na kusema, tungoje mwenyewe aje. Hukusema. Ulipitisha simu.

Basi sikia. Nimeaga kazini. Binti yake Bi Perihan atakuja kukaa naye, na bibi mwenyewe kanifungia shali ya kumletea Mama. Kaniambia, "Ukifika huko, angalia vizuri, usiseme umeona mlima tu." Nafika mwezi wa tisa mwanzoni, kondoo wakiwa bado juu. Nitaanzia malishoni kwa Melis, tushuke naye pamoja, tuingie mlangoni pamoja. Sitapiga kelele. Nitampigia Mama magoti, nimshukuru kwa kila kijiko alichomlisha mwanangu, na ninamaanisha. Shali nitamvika mwenyewe. Kisha nitamwomba anirudishie alichonitunzia. Kama anataka mtoto wa uzeeni, aniombe siku Mungu atakaponipa wa pili, nami nitakaa nifikiri. Huyu wa kwanza sijamtoa.

Wewe wifi, nakudai kitu kimoja. Majirani uliowapitishia picha, waite tena. Chai tu inatosha. Waambie kuhusu koleo na kitambaa, kwa mdomo ule ule. Ukifanya hivyo tutakanda unga pamoja kama zamani, na mimi nitakuwa nawapeleka wageni wako Tash-Rabat nikiwasimulia, maana kusimulia sasa najua. Usipofanya, mahema yako utayapikia peke yako.

Nisalimie Shemeji Tashtan, mwambie dawa ya mgongo nimeipata. Nisalimie Meerim na wadogo zake. Nisalimie Mama, umsomee sehemu ya shali na uruke za hasira, hizo ni zako wewe. Nisalimie majirani wote, hata waliocheka.

Aktan usimpe salamu. Salamu hupelekewa watu wa mbali, na mtoto wangu hatapokea neno langu kutoka kinywani mwa mtu mwingine tena. Muogeshe tu, umkate kucha, umweke nyumbani. Mengine atayasikia kwangu.

Mungu awape majira mema, akulinde na baridi, akulinde pia na ulimi wako.

Wifi yako mwenye hasira, anayekupenda hivyo hivyo,

Saikal,
Mama Aktan.