Mama, Kubangua Siachi

Mama yangu, Mama Esha,

Shikamoo. Najua hutaniitikia kutoka hapo ulipolala, nyuma ya nyumba yetu ya Mkunya, hapa Newala, lakini siwezi kuanza na neno lingine. Ungenirudisha mlangoni nikaingie upya. Nakuandikia mbele za watu, asome anayetaka, kwa sababu na mimi nimesemwa mbele za watu tangu tulipokuzika. Wanasema Esha amemkaidi mama yake kaburini. Wanasema aliyekosa radhi ya mama hata akipanda mbaazi zitatoa majani matupu. Nimeyasikia msibani, nimeyasikia gengeni, na shangazi mmoja wa Masasi alimtuma kondakta wa basi aniletee pole, eti pole ya laana. Haya, sasa wanisikie na mimi.

Ulichosema ulisema, sibishi. Ulikuwa kwenye kitanda cha kamba, kaka yako Mjomba Hamisi amekaa kwenye kigoda, mimi nakukanda miguu. Ukasema, "Esha, kazi hii ya kubangua korosho iishe na mimi. Lile banda livunje. Sitaki uwe na mikono kama hii." Nikanyamaza. Ukadhani nimeitikia, na Mjomba akadhani hivyo hivyo, maana kwetu mtoto akinyamaza mbele ya mgonjwa huwa amekubali. Mimi nilikuwa nimeinamia miguu yako tu, usinione ninavyolia. Baada ya hapo hukusema tena neno la maana, na mimi sikupata nafasi ya kukujibu.

Basi jibu langu ndilo hili, limechelewa lakini limefika.

Tuanze na hiyo mikono, kwa kuwa ndiyo iliyokufanya useme. Utomvu wa ganda la korosho ulikuwa umeila tangu ujana wako kiwandani. Ngozi ilibabuka, ikaota nyingine, ikababuka tena, mpaka ncha za vidole zikawa laini hazina hata mstari, na viganja vikawa vyeusi hata ukivisugua kwa jivu na ndimu. Nyumbani ulinilisha kwayo, ukanisuka kwayo, ukanichapa kwayo nilipomwaga maji, na unajua maji ya Newala yanavyopatikana, mtu anateremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Sikuwahi kuiona mibaya. Ila kwenye shughuli za watu uliificha chini ya kanga. Unakumbuka unyago wa Rehema, mtoto wa mdogo wako? Walikuomba umpake mwali mafuta siku ya kumtoa. Ukajipamba, ukafika, ukakunjua kanga, na mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, mikono hiyo ya kiwandani itamchubua mtoto." Watu wakacheka. Ukarudisha mikono ndani ya kanga ukasema una kichwa kinauma, tukarudi nyumbani kabla ya chakula. Nilikuwa mdogo, nikauliza kwa nini tumekosa pilau. 

Halafu soko huria likaingia. Kiwanda kikafungwa kufuli, na malori yakaanza kupanda huku juu kutafuta korosho ghafi, na maganda yake na kila kitu, zikabanguliwe ng'ambo. Watu walifurahia malori. Wewe ulikaa kibarazani siku mbili tatu ukiyahesabu, kisha ukamfuata Mama Getruda kwao Lukuledi, mkawakusanya wenzenu mlioachishwa kazi pamoja. Mkapasua pipa mkalitoboa matundu, mkalifanya kikaango. Mkajenga banda kwenye kiwanja cha ukoo wetu, makuti juu, pembeni wazi ili upepo ukokote moshi. Asubuhi mnakaanga, mchana mnabangua, kila mmoja na jiwe lake na kinyundo chake cha mti. Mlikuwa mnapaka mafuta ya mbarika mikononi, yanasaidia kidogo. Mlikuwa mnasengenya watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mimi nilijulia pale habari zote za Mkunya, hata nisizostahili kuzijua.

Kumbe wakati wote huo ulikuwa unaomba Mungu mimi nisije nikakaa pale, na ulipougua mimi ndiye niliyeshika kinyundo chako. Ningejua ningekuuliza kwa nini ulijenga banda zuri namna ile.

Ulipoondoka, hata arobaini haijaisha, akaja mnunuzi kutoka Masasi. Kijana wa watu, mpole, ana salamu nzuri. Anataka kiwanja cha banda ajenge ghala la korosho ghafi. Mjomba akaniita akaniambia jambo limeshakwisha, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza banda livunjwe. Unajua ilivyo kwetu: ardhi ni ya upande wa mama, mjomba ndiye msemaji, lakini hawezi kuitoa mpaka sisi wanawake tuliozaliwa humo tukubali. Nikamwomba anipe muda mpaka nirudi kutoka Dar es Salaam. Afisa biashara wa wilaya alikuwa ameniteua nikaonyeshe korosho zetu zilizobanguliwa, kwenye maonyesho ya biashara.

Nitakuambia kweli, nilikwenda nikiwa nusu nimeshakubali. Nilikuwa nakuogopa. Radhi ya mama si kitu cha kuchezea.

Huko wakanipa meza ndogo chini ya paa la bati. Upande wangu wa kulia kulikuwa na banda kubwa la kampuni inayoleta vipuri vya ndege. Ungeona vitu, Mama. Matairi manene mafupi. Mabati mepesi, ukiyainua unadhani umeinua ungo. Boliti na nati zimepangwa juu ya kitambaa cheupe kama vito vya bibi harusi. Kuna kioo cha dirisha la ndege kimesimamishwa peke yake, watu wanachungulia upande huu na upande huu wakicheka. Mbele ya meza yangu watu walipita tu. Korosho nani haijui?

Nikasema ngoja, wakisikia harufu watasimama. Nilikuwa na jiko la mkaa nililoazima na gunia la maganda, maana nani anatoka Newala kwenda kupika ugenini bila moto wake? Nikayawasha nipashie korosho. Mama, nilisahau kitu kimoja. Huku kwetu upepo wa juu unauchukua moshi wa maganda unaupeleka Msumbiji. Kule, chini ya bati, haukwenda popote. Uligeuka ukaingia wote kwenye banda la ndege, mweusi, mzito, unachoma macho. Wageni wenye tai wakatoka mbio wamefunika pua.

Akatokea fundi wao, anaitwa Gasper, machozi yanamtoka. "Mama, unatufukiza kama nyuki?"

Nikamwambia, "Nyuki wana asali. Ninyi mna nini?"

Alitaka kukasirika akashindwa. Akanisaidia kuzima kwa mchanga. Ndipo akaokota ganda moja, akalibana kwa koleo mpaka likatoa mafuta, akanusa. Akanitazama. Akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu."

Akanipa mkononi kipande cheusi, kimepinda kama mwezi mchanga, kimepigiliwa kwenye bati. Akasema hii ni breki ya ndege ndogo. Kisha akafungua kichupa cha unga wa rangi ya kahawa. Unga ule, Mama, unatengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho. Unachanganywa kwenye breki, ili ikipata moto ishike isiteleze. Nikanusa kile kichupa. Harufu ilikuwa hafifu, lakini nilikulia ndani yake, sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nikakumbuka siku ya gulio Masasi, mimi bado wa kubebwa mgongoni nikichoka. Kindege kilikuja kutua upande ule wa kiwanja cha ndege, kikapita juu yetu tukainama. Ukasimama na kapu lako ukauliza, si kwa mtu yeyote, "Sasa kikishagusa chini, nani anakikamata kisipitilize?" Watu wakakucheka hapo pia. Walikuwa wepesi sana kukucheka watu wale. Ni wewe, Mama. Ni hicho kilichokubabua vidole ndicho kinachokikamata. Nililia mbele ya zile boliti, Gasper akaenda kunitafutia maji.

Nilipotulia nikamuuliza, "Haya mafuta mnayatoa wapi?"

"Yanatoka ng'ambo."

"Na hao wa ng'ambo korosho wanazitoa wapi?"

Akaangalia gunia langu. Baadaye akasema tatizo letu hatuna mashine ya kukamulia. Nikamwambia mashine zipo kiwandani, zimefungiwa kufuli, na wenzangu waliokuwa wanaziendesha wapo, hawajafungiwa. Hakuniahidi kununua kitu, na watu wasije wakasema niliokolewa na mtu wa vipuri. Nilichochukua kwake ni glavu. Alikuwa nazo za mpira mzito, za mafundi wanaoshika dawa kali, zimetundikwa pale kwa maonyesho. Tukabadilishana kwa korosho nyeupe nzimanzima, zile ulizokuwa unatukataza kula.

Niliporudi wenzangu wakanicheka na glavu zangu. Mama Getruda akasema korosho zinateleza kama kambare. Tukajaribu hivi na hivi mpaka tukaona tuvae mkono wa kushoto peke yake, ule unaoshika korosho juu ya jiwe, na wa kulia ubaki mtupu kwenye nyundo. Tukabandika kitambaa kwenye ncha za vidole, ikashika. Tunaonekana vichekesho. Lakini nimetazama mkono wangu wa kushoto tangu hapo, ngozi imetulia.

Siku ya kutoa jibu, Mjomba alikuja na mnunuzi palepale bandani. Kwa desturi mjomba akifika, wanawake wanaweka kazi chini, wanakaa mkekani wanasikiliza. Nikamwamkia, nikamtandikia mkeka, nikamletea maji. Kisha nikarudi kwenye jiwe langu nikaendelea kubangua. Mama Getruda akanitazama, akaokota nyundo yake. Na wengine wakaokota. Mjomba alilazimika kuongea juu ya makelele yetu.

Mnunuzi alikuwa amekuja na doti za kanga kwa ajili yetu sote, nzuri kweli, nyekundu. Akazitandaza. Hakuna aliyenyoosha mkono, maana ukipokea cha mgeni umepokea na neno lake.

Mjomba akasema, "Esha, mimi sisemi langu. Nasema la mama yako. Alisema au hakusema?"

Nyundo zikanyamaza zenyewe hapo. Wote walikuwa wanalijua neno lako, Mama, na wote walikuwa wanalihofia kwa ajili yangu.

Nikasema, "Alisema, Mjomba. Nilikuwepo."

"Basi?"

"Basi nimemkatalia. Wewe na yeye, ninyi wawili nimewakatalia. Banda halivunjwi."

Mama Getruda alisema taratibu, "Ewe Mola," akafunga macho. Mnunuzi akaanza kukunja kanga zake. Mjomba aliyasogeza kando maji niliyomletea, na mimi nampenda mjomba wangu, si adui yangu. Akasema, "Mtoto anayemkatalia marehemu, nani atamtetea?"

Nikamwambia, "Yule yule marehemu."

Akainuka, akachukua bakora yake, akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile hajanyamazia jambo hili popote anapokaa, na ndiyo maana nimelazimika kuandika. Namwamkia kila asubuhi anapopita. Siku nyingine anaitika.

Sasa nikwambie wewe nilichoshindwa kukwambia kitandani. Ulinitakia mema, ila ulikosea kitu cha kukimbia. Ulidhani aibu iko kwenye kazi. Aibu ilikuwa ya aliyekucheka unyagoni, na ya aliyepeleka korosho yetu kubanguliwa na wengine kisha akatuambia maganda ni takataka. Mikono yako haikuwa michafu hata siku moja. Laiti ningekuwa na akili hii siku ile ya mwali, ningekukunjulia kanga mimi mwenyewe mbele yao wote, tukala na pilau letu.

Naogopa, sitakudanganya. Lori la yule mnunuzi limeshaweka kambi kwa jirani, na wanawake wawili wametuacha kwa sababu waume zao wamesikia habari ya laana. Msimu huu huenda tukashindwa. Tukishindwa tutaanza tena, kwa kuwa mimi sijui kazi nyingine ninayoipenda hivi, na niliipenda kwa kukutazama.

Kuhusu radhi, wanasema niende kaburini na kuku na unga nikakuombe. Siendi. Nitakuja kufagia na kupalilia kama kawaida yangu, mikono mitupu. Nilipokuwa na njaa sikuwahi kukupigia hodi, niliingia jikoni kwako nikafunua chungu nikala, na wewe ukagomba huku unanisogezea mboga. Radhi yako naichukua hivyo hivyo. Gomba tu, Mama.

Ni mimi mwanao, niliyekupa jina la kuitwa,

Esha