Karani na Mkeka wa Amina

Jumatano, 6 Februari 1946

Ukili, utepe wa mkeka, pima moja na nusu tangu asubuhi. Zingekuwa mbili kama si huyu paka mjuvi. Mimi nasuka, mkia wa ukili unaburura sakafuni, yeye ananyemelea nyuma ya mtungi. Mara karuka. Meno na kucha zote ndani ya kazi yangu. Nikimwondoa, kwake ndio mchezo umeanza. Nimemtoa nje mara saba. Mara saba karudi kupitia dirishani.

Na kumwomba nilimwomba mwenyewe. Panya walinitafunia mzigo mzima wa ukindu, majani ninayosukia, nikamwambia jirani yangu Kadzo anitafutie paka. Kaniletea hiki kitoto, wiki ya tatu sasa. Panya wamepungua, sikatai. Sasa anayetafuna ni paka.

Ijumaa, 8 Februari

Wiki nne kamili. Harusi ya Amina ni Ijumaa tarehe nane ya mwezi ujao. Amina ni binti wa ndugu yangu Athmani, na kwetu shangazi ndiye anayesuka mkeka wa kitanda cha bi harusi. Wangu ulisukwa na shangazi yangu. Ukili mwembamba, rangi tatu, pima arobaini, kisha ushonwe ukingo kwa ukingo mpaka uwe mkeka. Nimefika pima kumi na tano.

Naogopa. Humu naweza kusema, hakuna asomaye. Vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Macho yananisaliti jua likishapinda. Nikishindwa na mkeka huu, basi kazi yangu imekwisha, nitakuwa bibi wa kuwekwa pembeni na kuletewa uji.

Madoa manne hapo juu si yangu. Paka kapita juu ya wino mbichi, kisha kakaa juu ya daftari kana kwamba anangojea mshahara. Haya. Jina lake Karani.

Jumapili, 10 Februari

Nimeviringisha ukili wote nikautundika kwenye boriti. Nikajiona nina akili.

Karani kapanda chandarua. Kutoka chandarua kafika kwenye boriti. Nimerudi kutoka kisimani nikamkuta kalala katikati ya ukili wangu, kajikunja, usingizi mzito. Chandarua kimechanika mahali pawili. Ukili umetafunwa shubiri tatu.

Nimevua kubadhi nikaliinua. Nimelishusha. Kumpiga paka siwezi, sikulelewa hivyo. Lakini nimemtukana, na matusi mengine nimeyatunga papo hapo.

Jumatatu, 11 Februari

Siku mbaya.

Kaja wifi yangu Zuhura, mke wa Athmani, mama yake Amina. Kuja kuangalia kazi. Sijamaliza hata kumwambia karibu, Karani kauvuta ukili kutoka kwenye kikapu, kakimbia nao uani, kapita nao kwenye mbigili. Pima tatu zimeharibika mbele ya macho ya Zuhura. Katika watu wote, Zuhura!

"Wifi," kaniambia, "kwa macho hayo na paka huyo, mkeka utakwisha mwaka gani? Mimi n'shamwagiza bibi mmoja Likoni asuke mwengine. Ukimaliza wewe, alhamdulillahi. Usipomaliza, mwanangu hatalala juu ya kamba tupu."

Nimetabasamu. Nimempa kahawa. Ndani naungua. Hata hakunitumia mtu anipe habari, keshaagiza tayari. Usiku sitalala kwa hasira, najijua.

Alhamisi, 14 Februari

Nimepata dawa. Nimetwanga pilipili kali, nimezitia majini, nikaloweka mzigo wa ukindu humo. Karani kaja, kanusa, kapiga chafya tatu, kaenda zake mkia chini. Nimecheka peke yangu. Nimekaa mkekani, miguu nimeinyosha, roho nyeupe, nikaanza kazi.

Nikachukua jani, nikaliuma kwa meno nilichane kwa ukucha. Miaka arobaini nachana hivyo. Mikono yangu haikuniuliza.

Ya Rabi! Midomo, ulimi, koo. Nimekimbilia mtungi. Maji yakazidisha. Machozi yakanitoka, nikayafuta kwa mkono ule ule wa pilipili. Nilipofungua jicho moja, Karani yuko mbele yangu, kakaa kitako, ananitazama, katulia kama kadhi.

Kadzo kasikia kelele akaja mbio. Kanipa tui la nazi nisukutue. Kisha kakaa chini kabisa, kwenye mchanga, akacheka mpaka kashika mbavu. Nimemchukia kwa muda wa saa nzima.

Jumamosi, 16 Februari

Midomo bado imevimba. Ukindu nimeuosha maji matatu, bado unawasha. Mzigo mzima wa kutupa. Kadzo ana jamaa zake kijiji cha Mwakirunge wanaokata ukindu, kaenda kuniletea mwingine. Mpaka ukauke, uchanwe, utiwe rangi, siku nne zimekwenda.

Kabla hajaondoka nimempa Karani kapuni. Nikamwambia mchukue, amenishinda. Kadzo kampokea. Kamwacha kwake, kafunga mlango, kaenda zake.

Nyumba kimya. Nimesuka majani machache ya kikapuni, yasiyopata pilipili. Hakuna aliyenivuta. Nilidhani nitafurahi.

Jumapili, 17 Februari

Panya. Mchana kweupe! Kakaa juu ya ukili wangu, anajisugua masharubu, wala hana wasiwasi. Nimemtupia kubadhi, likaupata mtungi. Mtungi umevunjika.

Nimejitanda buibui, nimekwenda kwa Kadzo. Nimemkuta kesharudi kutoka Mwakirunge, anaanika nguo mara ya pili, maana Karani kaziangusha zote kambani mara ya kwanza. Kanirudishia paka kwa mikono miwili, mbio mbio.

"Bi Mwanaidi," kasema, "huyu ni mtoto. Mtoto asiye na kazi atashika yako. Mpe yake."

Nimeudhika. Mimi wa kufundishwa na Kadzo, niliyemwona akizaliwa! Njia nzima nimeudhika, na nilipofika nyumbani nimezidi, kwa sababu kasema kweli.

Jumatano, 20 Februari

Nimepata. Wallahi nimepata!

Nimekata kipande cha ule ukili ulioharibiwa na mbigili. Nimekifunga fundo mwishoni, nikakitia uzi mrefu, na uzi nikaufunga kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Msukaji mikono ina kazi, lakini miguu imenyoshwa tu pale haina shughuli. Nikatikisa kidole. Karani kaona. Matako yakacheza, masikio yakalala, huyoo! Karuka juu ya kipande chake. Nikatikisa tena. Mikono yangu inasuka, mguu wangu unamchezesha, wala hakutazama ukili wangu.

Mara mbili kajisahau akaugusa wangu. Sikupiga kelele. Nimesimamisha mikono, nikawa kimya kabisa, nikatikisa kidole. Kaacha. Kumbe makelele yangu ndiyo aliyokuwa akiyafuata. Wiki zote hizi nimekuwa nikimchezesha mwenyewe, na kwa sauti.

Akichoka nampa kichwa cha samaki. Akishakula analala mpaka adhuhuri. Leo pima mbili na nusu. Sijasuka kiasi hicho tangu marehemu mume wangu yu hai. Na sikumgusa hata unyoya!

Jumanne, 26 Februari

Pima thelathini na tisa. Inshallah kesho nafunga ukili.

Asubuhi nimekuta panya kalazwa juu ya makubadhi yangu, kanyooshwa vizuri. Karani kando, kifua mbele. Nimemwambia ahsante, hongera, bwana mkubwa. Kisha nikachungulia nje kama kuna mtu kanisikia.

Jumapili, 3 Machi

Nashona. Kazi hii ndiyo inayotaka macho, kwa hiyo naanza jua likichomoza na naacha likipinda. Karani sasa hangoji kuitwa. Nikimaliza kusali alfajiri namkuta kakaa karibu na mguu wangu wa kushoto.

Vidole vimekufa ganzi mara tatu. Nimevipaka mafuta ya nazi ya moto, nikaendelea. Mara ya tatu nimelia, kwa hasira zaidi kuliko maumivu.

Athmani kapita kunijulia hali. Kasema mkeka wa Likoni umefika, Zuhura kauviringisha kauweka darini juu ya magunia ya mchele. Nimemuuliza ukoje. Kasema mzuri. Ndugu yangu hajui kusema uongo, na leo nilitaka ajue.

Jumatano, 6 Machi

Umekwisha. Baada ya alasiri nimekata uzi wa mwisho.

Nimeutandika chumbani nikauzunguka. Mwekundu, mweusi, na rangi yake mwenyewe ya ukindu. Vishale, ile nakshi yake, vimekutana pembe zote nne. Nimepitisha kiganja kutafuta kosa. Nimefumba macho nikatafuta tena kwa vidole. Hakuna. Mimi Mwanaidi nimeusuka huu, kwa macho haya na kwa vidole hivi, na paka ndani ya nyumba!

Nimecheza chakacha peke yangu. Karani kakimbilia uvunguni.

Alhamisi, 7 Machi

Hodi. Hodi. Hodi, kwa sauti ndogo. Nimejua ni Zuhura, na nimejua kuna jambo, maana Zuhura huingia kwanza ndipo akapiga hodi.

Kakaa. Kaniuliza hali, hali ya nyumba, hali ya kuku. Nikangoja. Mwisho kayasema. Panya wamepanda darini kwa ajili ya mchele, wakautoboa mkeka wa Likoni. Pembe moja hakuna. Katikati tundu la kupitisha ngumi.

"Wifi," kasema, "wako umefika wapi?"

Nimemimina kahawa, nikamletea na kashata. Nikamngoja amalize kikombe. Naandika hapa bila haya: nimeona raha. Wiki tatu na zaidi nilikuwa na deni la kikombe hicho.

Kisha nimeingia ndani, nikautoa, nikaufunua mbele yake taratibu. Kaushika. Zuhura macho yake hutafuta kosa hata kwenye maji ya kunywa. Kaukunja ukingo, kaugeuza chini, kahesabu vishale.

"Mashallah," kasema. Mara ya pili kaisema kwa sauti.

"Kwa macho haya haya, wifi," nikamwambia.

Wakati wa kuondoka, mkeka kwapani, kasita mlangoni akatazama pembeni. "Na huyo paka wako, hatuwezi kumwazima hata siku mbili?"

Nikamwambia Karani ana kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Harusi. Mkeka umetandikwa. Wanawake wameingia wawili wawili kuutazama, kila mmoja kaugusa. Vigelegele mpaka masikio yakaziba. Bibi mmoja wa Kisauni kauliza nani fundi, na Zuhura mwenyewe, kwa mdomo wake, kasema ni wifi yangu.

Nimelia kidogo. Nimekula sana. Miguu inauma.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua ndogo asubuhi. Fungate imekwisha, na Amina kaja kunisalimu. Hina bado nyekundu mikononi. Nilidhani kaja na mumewe au kaja na halua. Kaja peke yake, kichwani kabeba mzigo wa ukindu.

Kaushusha. "Shikamoo, shangazi. Nataka unifundishe."

Nimemwambia bi harusi hakai chini kusuka siku ya nane. Kakaa chini.

Tumeanza. Nimemshika vidole nikaviweka. Kakosea, nimefumua. Kakosea tena, nimefumua tena. Karani kamnusa miguu, kaona hamna kitu, kalala. Mpaka adhuhuri kasuka shubiri moja, nayo imepinda. Hiyo sikuifumua.

Kaniuliza kesho aje saa ngapi. Nimemwambia aje mapema, jua likipinda sioni vizuri. Ni mtu wa kwanza niliyemwambia.