Pumba za Kuku Wako

Kaka,

Salamu zako zimefika. Hofu juu yako sina, najua huko unakula vizuri. Mashine yako ya unga inasaga, mkanda mpya haujakatika, na kuku ulioniachia wamenenepa hadi banda limewabana.

Mama amelazwa tena. Ni mara ya nne mwaka huu: kwanza kifua, kisha kidonda kisichofunga, sasa homa. Daktari aliniuliza anakula nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba mama wa mwenye mashine hali pumba. Mahindi yake nayakoboa mara mbili hadi unga unakuwa mweupe kama pamba, na maharage tuliyaacha, kwa sababu ulisema mama yako hatakula tena chakula cha shida.

Daktari akavua miwani. Akasema tumboni mna vijidudu vyema vinavyoishi kwa hizo pumba, na vikishiba husaidia mwili kupigana na maradhi. "Umri nao umo, sina hakika," akasema, "lakini huenda mmevishindisha njaa."

Kwa miaka mitatu, kaka. Mama alikuwa akiniomba unga wake wa zamani, nami namwambia mkubwa amesema, na mkubwa habishiwi. Pumba nikawapelekea kuku wako.

Jana nilimpelekea uji wa unga usiokobolewa. Akalamba kijiko, akaniuliza kosa lake lilikuwa nini hata akanyimwa unga huo miaka yote. Nimemwambia utamjibu wewe.

Kuku wako hawajaugua hata siku moja.

Ni mimi mdogo wako, mkoboaji.